Simba wa Barafu wa Nairobi: ekipe inayoishi kwa kiwanja cha kuazima

Huku Lusangi, kama vile Kasongo na Kabambare, barafu ni kitu cha kuuza. Inatoka katika kongelatere inayowashwa kwa jenereta au kwa paneli za jua, inafungwa ndani ya kifuko cha plastiki, na wateja wanaitafuta zaidi siku ya soko, wakati jua liko juu ya kichwa. Muda mfupi baadaye imeshakuwa maji. Ukimwambia mkaaji wa hapa kwamba kuna vijana Waafrika, wasemaji wa Kiswahili kama sisi, wanaokimbia juu ya barafu wakipigania kisahani kidogo cha kauchu, atafikiri unamsimulia hadithi ya sungura na fisi.

Lakini vijana hao wapo. Wako Nairobi, mji mkuu wa Kenya, na ekipe yao inaitwa Ice Lions, yaani Simba wa Barafu. Nairobi iko kilomita karibu 140 kusini ya mstari wa ikweta, wakati Kasongo iko kilomita karibu 500. Kwa hiyo wao wako karibu na ikweta kuliko sisi. Tofauti ni kwamba mji wao umekaa juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na kwamba siku moja mwenye hoteli aliamua kuweka barafu ndani ya jengo lake.

Wengi wanapoisikia habari hii wanacheka, halafu wanapita. Lakini ukiifuata toka mwanzo utaona kwamba ni habari ya kila ekipe ndogo isiyolipwa, popote ilipo, hata hizi zinazocheza mpira wa miguu kwetu jioni baada ya shamba. Ekipe inaweza kuishi bila pesa, bila kombe, hata bila mpinzani. Bila kiwanja haiishi.

Mchezo wenyewe ni upi?

Hoki ya barafu inachezwa na watu sita kila upande, pamoja na golikipa. Wanavaa patini, yaani viatu vyenye chuma chembamba chini yake, na kila mmoja anashika fimbo iliyopindwa mwishoni. Hawapigi mpira wa duara. Wanasukuma kisahani cha kauchu ngumu chenye unene wa sentimeta mbili na nusu hivi na uzito wa gramu karibu 160. Kinateleza kwa nguvu sana, ndiyo maana wachezaji wanavaa kofia ngumu, na golikipa amefunikwa toka kichwa hadi miguu kama mtu anayekwenda kuvuna asali.

Mechi ina vipindi vitatu vya dakika 20. Wachezaji wanabadilishana kila baada ya muda mfupi, mara nyingi chini ya dakika moja, kwa sababu kukimbia juu ya barafu kunachosha haraka. Kiwanja rasmi kina urefu wa mita 60 na upana wa kati ya mita 26 na 30.

Katika nchi za baridi kiwanja hicho kilikuwa zawadi ya mwezi wa kwanza na wa pili, wakati ziwa au bwawa la kijiji linaganda lenyewe. Katika nchi ya joto inabidi kukitengeneza. Chini ya sakafu wanapitisha mabomba yenye maji ya chumvi au dawa isiyoganda, yanayopozwa na mashine hadi chini ya sifuri. Juu ya sakafu wanamwagia maji kidogo kidogo, tabaka juu ya tabaka, mpaka barafu ifikie unene wa sentimeta tatu hivi. Mashine hazipumziki usiku wala mchana. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, kiwanja kinakuwa dimbwi.

Basi anayemiliki mashine, jengo na umeme ndiye anayemiliki mchezo.

Hoteli yafungua mlango

Mwaka 2005 Hoteli ya Panari, iliyo kando ya Barabara ya Mombasa jijini Nairobi, ilifungua kiwanja cha barafu ndani ya jengo lake. Hakikutengenezwa kwa ajili ya mashindano. Kilikuwa biashara ya kuburudisha watu: familia zinalipa, watoto wanakodi patini, wanaanguka, wanacheka, wanapigwa picha. Ni kidogo sana kuliko kiwanja rasmi.

Waliofikiria hoki mapema walikuwa Wakanada na Wamarekani waliokuwa wakiishi Nairobi kwa kazi. Kwao kuona barafu bila fimbo ni kama sisi kuona uwanja wa shule bila mpira. Wakaanza kucheza wao kwa wao. Lakini wageni wana desturi ya kurudi kwao mkataba unapokwisha, na mchezo ungekwisha pamoja nao kama Wakenya hawangeingia.

Wakenya waliingia kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni kazi: vijana waliokuwa wakihudumia wateja pale kwenye barafu, kuwashika wanaoanguka na kuwafundisha kusimama, walijua kuteleza kuliko wateja wenyewe. Mlango wa pili ni barabara. Nairobi ina vijana wengi wanaocheza patini za magurudumu katika maegesho ya magari siku za mapumziko. Anayejua kusimama juu ya magurudumu hahitaji muda mrefu kujua kusimama juu ya chuma.

Mwaka 2016 kundi hilo lilijipanga na kuwa ekipe yenye jina, Ice Lions. Hakuna aliyelipwa mshahara. Kila mmoja alikuwa na kazi yake au masomo yake. Kochi alikuwa Tim Colby, Mkanada aliyekuwa akiishi Nairobi, na nahodha alikuwa Benard Azegere. Kwa sababu kiwanja ni kidogo, walipunguza idadi ya wachezaji wa kila upande. Vifaa vilikuwa vya kuungaunga, vingine vimeachwa na wageni waliorudi kwao. Katika duka la Nairobi huendi kununua fimbo ya hoki kama unavyonunua jozi ya viatu.

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa jingine. Katika Afrika Mashariki yote hawakuwa na mpinzani. Tanzania hakuna, Uganda hakuna, Rwanda hakuna, na kwetu Kongo hakuna. Waligawanyika wenyewe kwa wenyewe, leo wewe upande huu, kesho upande ule. Kwa ekipe ya mpira wa miguu hiyo ingekuwa mazoezi tu. Kwao ndiyo ilikuwa shampiona nzima.

Mechi ya kwanza, ng'ambo ya bahari

Mwaka 2018 kampuni ya Kanada inayouza kahawa na mikate, Tim Hortons, iliwachukua wachezaji 12 wa Ice Lions na kuwapeleka Toronto. Huko walipewa vifaa vipya kamili na jezi zenye majina yao, na wakapangiwa mechi ya kwanza ya maisha yao dhidi ya ekipe nyingine. Wapinzani walikuwa wazimamoto wa Kanada, watu wanaocheza baada ya kazi kama wao.

Walipokuwa katika chumba cha kuvalia, waliingia watu wawili ambao hawakuwategemea: Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Kwa mpenda mpira wa miguu, ni kama ekipe ya mtaa inavaa viatu, halafu wanaingia Messi na Mbappé na kusema leo tunacheza upande wenu. Crosby ndiye aliyefunga goli la dhahabu la Kanada katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2010. Siku hiyo wote wawili walivaa jezi ya Kenya.

Ni kweli kwamba ilikuwa pia tangazo la biashara. Kampuni ilitengeneza filamu fupi, na filamu hiyo ilitazamwa na watu wengi duniani. Hata hivyo vifaa vilibaki na wachezaji, na kampuni ilitoa msaada pia kwa ajili ya watoto wanaojifunza hoki Nairobi.

Kuna jambo ambalo filamu haikulisema. Crosby na MacKinnon wote wanatoka sehemu moja, Cole Harbour, karibu na mji wa Dartmouth, katika jimbo la Nova Scotia mashariki ya Kanada. Na ni hapohapo Dartmouth na Halifax, zaidi ya miaka 120 kabla ya vijana wa Nairobi kuvaa jezi zao mpya, watu weusi walikuwa tayari na shampiona yao ya hoki.

Weusi wa Nova Scotia na barafu iliyobaki

Watu weusi wa Nova Scotia ni wajukuu wa Waafrika waliopelekwa Amerika kama watumwa. Wengine walifika mwaka 1783, baada ya vita vya uhuru wa Marekani, kwa sababu Waingereza waliwaahidi uhuru. Wengine walifika mwaka 1796 kutoka Jamaika, na wengine baada ya vita vya mwaka 1812. Walipewa ardhi mbaya pembezoni mwa miji, wakajenga makanisa ya Kibatisti, na makanisa hayo yakawa shule yao, baraza lao na mahali pa kusaidiana.

Mwaka 1895, katika mji wa Halifax, viongozi wa makanisa hayo na wasomi wachache waliunda shampiona ya hoki ya watu weusi. Nia yao ilikuwa wazi: kuwavuta vijana wanaume karibu na kanisa. Msomaji wa Maniema hatashangaa. Hapa kwetu pia padri, mchungaji au mwalimu akitaka kuwakusanya vijana, haanzi na hotuba, anaanza na mpira.

Ekipe zilitoka Halifax, Dartmouth na mtaa wa Africville, halafu zikatoka katika miji midogo kama Truro na Amherst, hata kisiwa cha Prince Edward. Majina yao bado yanakumbukwa: Eurekas wa Halifax, Jubilees wa Dartmouth, Sea-Sides wa Africville, Victorias wa Truro, Royals wa Amherst. Wachezaji walikuwa wafanyakazi wa mikono. Watu walijaa kuwatazama, weusi kwa weupe, kwa sababu mchezo wao ulikuwa wa kasi na wa kusisimua. Magolikipa wao walianguka chini kuzuia kisahani wakati ambapo desturi ya ligi nyingine ilimlazimisha golikipa kubaki wima. Ligi kubwa ya kulipwa, NHL, iliruhusu jambo hilo mwaka 1918 tu.

Lakini kiwanja kilikuwa cha nani? Viwanja vya ndani vilikuwa vya wazungu. Ekipe za weusi zilikodishiwa baada ya msimu wa ekipe za wazungu kupita, wakati ambapo baridi imeanza kupungua na barafu ya asili inalainika. Wao walipewa barafu iliyobaki. Msimu wao ulikuwa wa wiki chache, na mwenye kiwanja akikataa, hapakuwa na msimu.

Baada ya mwaka 1905 milango ya viwanja ilizidi kufungwa, na magazeti yaliacha kuwaandika. Shampiona ilidhoofika, ikafufuka baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, halafu ikazimika kabisa kabla ya miaka ya 1930. Mtaa wa Africville wenyewe ulibomolewa na mji wa Halifax katika miaka ya 1960, na kanisa lao liliangushwa mwaka 1967. Mji uliomba msamaha mwaka 2010. Mwaka 2020 posta ya Kanada ilitoa stempu ya kuwakumbuka wachezaji wale. Heshima ilifika, lakini wenyewe walikuwa wameshakufa.

Ubelgiji na sisi

Kuna uzi mwingine unaofika hadi Kongo. Shirikisho la dunia la hoki ya barafu, linaloitwa IIHF, liliundwa Paris mwaka 1908. Nchi za kwanza zilikuwa tano: Ufaransa, Uingereza, Uswisi, Bohemia na Ubelgiji. Ni mwaka uleule ambao Ubelgiji iliichukua Kongo kutoka mikononi mwa Mfalme Leopold II na kuifanya koloni lake.

Mashindano ya kwanza ya hoki katika Michezo ya Olimpiki yalifanyika Ubelgiji pia, mjini Antwerp, mwaka 1920. Washindi walikuwa ekipe ya watu wasiolipwa kutoka Kanada, Falcons wa Winnipeg. Karibu wote walikuwa watoto wa wahamiaji kutoka Iceland, na wengi wao walikuwa wametoka vitani. Wenzao wawili walikufa katika vita hiyo. Kwao Winnipeg, ligi ya wenyeji ilikuwa imewakatalia kuingia. Walianza kucheza pembeni na wakaishia na dhahabu, baada ya kuipiga Swideni 12 kwa 1 katika mechi ya mwisho.

Kuanzia mwaka 1922 hadi 1947, Mbelgiji Paul Loicq ndiye aliyekuwa rais wa shirikisho hilo la dunia. Lakini wakoloni walituletea Kongo mpira wa miguu, si hoki, na sababu inaeleweka. Mpira wa miguu unahitaji uwanja wa udongo, milingoti miwili kila upande na kitu cha duara. Hauhitaji mashine wala umeme. Ndiyo maana uliingia hadi katika kijiji cha mwisho cha Maniema.

Kiwanja chafungwa

Turudi Nairobi. Mwaka 2020 ugonjwa wa Korona ulipofunga hoteli na mahali pa burudani, kiwanja cha Panari kilifungwa pia, na kikakaa kimefungwa kwa muda mrefu. Kwa hoteli ilikuwa hesabu. Mashine za baridi zinakula umeme kila saa, na wateja hawapo. Kwa Ice Lions ilikuwa kama kuambiwa kwamba mchezo wao umefutwa.

Fikiria ekipe ya Kasongo ikiambiwa kwamba uwanja wa kwao umefungwa. Itakwenda uwanja wa jirani, au itasafisha majani mahali pengine. Wao hawakuwa na mahali pengine. Wachezaji walirudi kwenye patini za magurudumu ili miguu isisahau, na walioanza kujifunza wakiwa watoto waliendelea kukua bila kugusa barafu.

Kiwanja kilipofunguliwa tena, walirudi. Hapo ndipo ilionekana kwamba ekipe haikufa. Walikuwa wamebaki pamoja, na waliendelea kuwafundisha watoto wa Nairobi, wavulana kwa wasichana.

Mwezi wa tisa mwaka 2024, Kenya ilipokelewa na IIHF kama mwanachama mshiriki. Ilikuwa nchi ya tano ya Afrika katika shirikisho hilo, baada ya Afrika Kusini, Moroko, Tunisia na Algeria. Afrika Kusini iliingia mwaka 1937, na kwa miaka mingi ilikuwa peke yake. Kuwa mwanachama mshiriki si kuwa mwanachama kamili, lakini ni kutambuliwa. Miaka minane baada ya kujipa jina, vijana waliokuwa wakicheza wao kwa wao katika hoteli wakawa ekipe ya taifa inayojulikana na dunia.

Na kiwanja? Bado ni cha hoteli.

Mtoto wa Kongo kwenye barafu ya Amerika

Je, kuna Mkongomani katika mchezo huu? Yupo. Bokondji Imama alizaliwa Montreal, Kanada, mwaka 1996, katika familia iliyotoka Kongo. Mwaka 2015 alichaguliwa na ekipe ya Tampa Bay Lightning akiwa bado katika ligi ya vijana. Mwaka 2017 alikuwa mfungaji mkubwa wa Saint John Sea Dogs walipochukua ubingwa wa ligi ya vijana ya Quebec. Msimu ule alifunga magoli 41.

Halafu alikaa miaka katika ligi ya chini, akisubiri. Mwezi wa nne mwaka 2022 alicheza mechi yake ya kwanza ya NHL, akiwa na Arizona Coyotes. Njiani alitukanwa kwa ajili ya rangi yake. Mara mbili, mwaka 2020 na mwaka 2022, mchezaji wa upande mwingine alisimamishwa kwa kosa hilo. Wa kwanza alipewa mechi 5 na wa pili mechi 30. Hesabu hiyo inaonyesha kitu: katika miaka miwili ligi ilianza kuona kosa lilelile kuwa zito zaidi.

Imama hakuletwa na kiwanja cha kuazima. Montreal ni mji ambamo mechi ya kwanza ya ndani ya hoki iliyoandikwa katika magazeti ilichezwa, tarehe 3 mwezi wa tatu mwaka 1875. Huko serkali za mji zinatengeneza barafu katika mitaa, na mtoto anaitumia bila kuomba ruhusa ya hoteli. Kipaji chake ni chake, na jasho ni lake. Lakini mtoto mwenye kipaji kama hicho aliyezaliwa Nairobi angetegemea bei ya saa moja na saa ya kufunga mlango.

Na kwetu Maniema?

Jimbo letu lina mfano wake pia, katika mpira wa miguu. AS Maniema Union ya Kindu ilizaliwa mwaka 2005, mwaka uleule ambao barafu ya Panari ilifunguliwa. Msimu wa 2024-2025 ilifika katika makundi ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika na kukutana na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini, Raja Casablanca na AS FAR za Moroko. Ekipe ya jimbo ambalo barabara zake watu wanazililia kila siku iliwekwa meza moja na matajiri wa Afrika.

Lakini wapenzi wa Kindu hawakuwaona wageni hao kwao. Mechi za nyumbani zilichezwa Kinshasa, kwenye Stade des Martyrs. Sababu ni ileile ya Nairobi: mchezaji yuko, kocha yuko, mpenzi yuko, kiwanja kinachokubaliwa hakipo.

Chini ya hapo, katika miji midogo kama yetu, jambo ni zito zaidi kwa sababu halionekani. Viwanja vingi ambavyo ekipe za mitaa zinachezea ni vya shule, vya parokia au vya misheni, au ni kipande cha udongo ambacho chifu aliwaachia vijana kwa mdomo. Chifu akifariki, au shule ikitaka kujenga madarasa mapya, au mtu akija na karatasi akisema amenunua, ekipe inaamka asubuhi na kukuta vigingi vimepandwa katikati ya uwanja.

Sheria ya Kongo ya tarehe 20 mwezi wa saba mwaka 1973 inasema kwamba udongo wote ni mali ya Serkali, na kwamba mtu au shirika linapewa haki ya kuutumia. Haki hiyo inathibitishwa kwa ile karatasi ambayo wengi wanaijua kwa jina lake la Kifaransa, certificat d'enregistrement. Ruhusa ya mdomo ina heshima yake kijijini, lakini mbele ya mwenye karatasi haina nguvu.

Kwa hiyo viongozi wa ekipe ndogo za Kasongo na Kabambare wanaweza kujiuliza maswali matatu ambayo hayaombi pesa nyingi. La kwanza: uwanja tunaochezea ni wa nani, na ruhusa yetu imeandikwa wapi? Hata barua moja yenye sahihi ya mkubwa wa shule au ya parokia, ikieleza siku na saa za mazoezi, ni bora kuliko kumbukumbu ya mzee mmoja. La pili: siku ambayo uwanja utachukuliwa, tutakwenda wapi? Ice Lions walikuwa na magurudumu. Sisi tuna nini? La tatu: nani anaandika majina? Tunajua habari za Eurekas na Jubilees kwa sababu kulikuwa na watu walioandika na kutunza. Ekipe nyingi za Maniema zilizocheza katika miaka ya 1960 na 1970 zinaishi leo ndani ya vichwa vya wazee wachache, na wazee hao wanazidi kupungua.

Daftari la mwanafunzi linatosha. Mwaka, jina la ekipe, majina ya wachezaji, nani alifunga, uwanja gani, nani aliutoa. Mtoto atakayelisoma baada ya miaka 50 atajua kwamba uwanja ule ulikuwa na watu.

Nairobi, Simba wa Barafu bado wanaingia kwa mlango wa hoteli, wanavaa patini, wanacheza mpaka saa yao iishe. Halafu wanatoka na kuiachia barafu wateja.